Tabasamu la Komeo

Chiriku aliipenda filamu yake mpaka asubuhi ile alipoikuta dukani. Alikuwa amekwenda kununua sukari. Muuza duka na wateja wake walikuwa wameinamia simu moja kama watu wanaochungulia kisima, na kutoka kwenye simu hiyo zikatoka kelele za uwanja alizozibandika yeye mwenyewe kwa mikono yake.

"Hapa, hapa," muuza duka alikuwa akisema. "Mpira huo unaingia. Sasa mwangalieni yeye."

"Anacheka," akasema mama mmoja mwenye ndoo.

"Anacheka kama aliyeposa akakubaliwa. Wenzake wamejishika vichwa, yeye meno nje. Niambie, mtu huyo hajauza mechi?"

"Kauza mchana kweupe."

"Na ndiye wanayemwita Komeo. Komeo gani linafunguka kwa kidole?"

Wakacheka, muuza duka akairudisha nyuma ili waitazame tena. Chiriku akatoka bila sukari. Miguu yake ilikuwa mizito kama ya mtu anayetembea ndani ya unga uliokandwa, kwa sababu Komeo alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake aliyemfuatia ziwa moja, na tabasamu lile lisingekuwa pale kama si yeye kuliweka.

Sifa za Komeo zilikuwa ndefu kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa dereva wa gari la kiwanda cha mikate, na kipa wa timu ya kiwanda hicho tangu enzi ambazo mpira ulikuwa na kamba. Ilisimuliwa kwamba siku moja aliudaka mpira wa kona pamoja na njiwa aliyekuwa akipita zake, akampa refa mpira, njiwa akamwachia aende, na njiwa yule akawaonya wenzake wasipite tena juu ya uwanja ule. Ilisimuliwa pia kwamba mshambuliaji mmoja alikwenda kupiga penalti, akamwona Komeo ameshaegemea upande uleule anaoutaka, akimsubiri kama mtu anayesubiri chai ipoe. Yule bwana akauacha mpira pale, akaenda kuomba atolewe nje. Waliosimulia hayo walikuwa waokaji, watu ambao kazi yao ni kukiumua kila kidogo mpaka kijae sinia, lakini hata ukiyaminya sana yalibaki na kitu ndani.

Basi chuo kilipowataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho watengeneze kila mmoja filamu fupi ya maisha halisi kuhusu mchezo, wengine walikimbilia klabu kubwa zenye majukwaa na mabango. Chiriku akakimbilia kwa mjomba. Alimganda kama kupe. Akampiga picha akipakia kreti za mikate alfajiri, akifunga kamba za viatu huku anaimba vibaya, akifua glovu zake na kuzianika katikati ya nguo za watoto. Siku ya fainali dhidi ya timu ya kiwanda cha sabuni alijibanza nyuma ya lango, akafunga maikrofoni ndogo kwenye mwamba kwa gundi ya karatasi, akangoja maajabu.

Kilichokuja hakikuwa maajabu. Beki wa sabuni aliubutua mpira toka mbali, bila nia yoyote, kama mtu anayefukuza kuku barazani. Mpira ukadunda, ukadunda tena, ukampita Komeo pembeni na kuingia wavuni taratibu kama mgeni aliyeambiwa karibu. Mechi ikaishia hapo.

Chuoni, chumba cha kuhariri hakikuwa na dirisha. Kuta zilifunikwa mablanketi ili sauti isirudi, na feni ilizungusha joto lilelile toka kona hii kwenda ile. Humo ndimo Chiriku alimokaa na bao lake, akaliona halina uso. Kamera ilikuwa nyuma ya lango, kwa hiyo alichokuwa nacho ni mgongo wa mjomba, wima, kimya, na mpira unapita. Na mwalimu wao alikuwa amewaimbia tangu mwaka wa kwanza kwamba filamu isiyo na uso ni ukuta. Basi akatafuta uso. Akaupata kwenye picha alizochukua kabla mechi haijaanza, pale alipomwambia, "Mjomba, cheka kidogo, mama anataka picha ya kuweka sebuleni," na mjomba akatabasamu kwa ajili ya dada yake.

Akalikata tabasamu lile, akaing'oa sauti yake mwenyewe, akalimwagia kelele za uwanja, akalipachika mara baada ya bao. Likakaa kama kizibo kwenye chupa yake. Alitaka kusema kwamba huyu ni mtu anayeupenda mchezo hata unapomwangusha. Uongo uko wapi, alijiuliza. Meno ni ya mjomba, siku ni ileile, uwanja ni uleule. Kilichohama ni muda tu, tena dakika chache. Mwalimu alipoiona aliisimamisha pale pale, akawaambia wanafunzi wengine, "Mnaona? Hapa ndipo filamu ilipopata roho." Ikateuliwa kuwakilisha chuo. Kisha mtu akaitia kwenye simu yake, akampelekea mwenzake, na yule naye ana shemeji kiwandani.

Aliporudi nyumbani mikono mitupu, mama yake hakuuliza sukari. Naye alikuwa ameshaletewa habari.

"Nilikuomba picha ya sebuleni," mama akasema, "ukaniletea ya mahakamani."

"Mama, mimi sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Mtu akikukanyaga bila kukusudia, kidole hakiumi? Nenda kwa mjomba wako. Na usiende kulia huko, watu wale wana vilio vyao."

Nyumbani kwa mjomba kamba ya nguo ilikuwa imejaa, lakini glovu hazikuwapo. Mjomba alikuwa kwenye kochi, mkewe amekaa chini anashona mfuko wa sare ya mtoto uliochanwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpiga picha wangu. Leo umekuja na kamera, au na macho tu?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kaa kwanza. Radhi ya kusimama haishuki tumboni." Akamsogezea kigoda. "Tanuri amenivua glovu." Tanuri alikuwa mkuu wa waokaji, na ndiye kocha wa timu. "Hilo nalimeza, mikono yenyewe imezeeka. Kinachonikaba ni kreti. Miaka yote napakia mikate, narudisha kreti, hakuna aliyewahi kunikagua. Sasa wananihesabia nikiwa nimesimama palepale kama mwizi wa kuku. Jana wamechungulia mpaka chini ya kiti. Eti mtu aliyeuza mechi atashindwa kuiba mkate?"

"Na huyu," mke wa mjomba akasema bila kuinua kichwa, akionyesha ile sare, "amepigana shuleni kwa sababu ya hayohayo meno ya baba yake."

Chiriku akavuta begi lake la kompyuta. "Nina picha zote, mjomba, zile ambazo hazijakatwa. Nitakwenda kiwandani niwaonyeshe, waone kwamba tabasamu ni la kabla ya mechi."

"Tuonyeshe sisi kwanza."

Akaweka kompyuta juu ya meza. Tabasamu likatokea, na safari hii na sauti yake: mjomba, cheka kidogo, mama anataka picha ya kuweka sebuleni. Mke wa mjomba akaitupa sindano.

"Si hii hapa? Peleka hata sasa hivi. Tena ngoja, jirani yangu aliyeacha kunisalimia aje aione kwa macho yake." Akatafuta ndala, akavaa moja yake na moja ya mumewe, akatoka mbio.

Kompyuta ikaendelea yenyewe. Ukaja mgongo wa mjomba, ukaja mpira kutoka mbali. Chuoni Chiriku alikuwa amekiangalia kipande hicho huku amekifunika kwa kelele za mashabiki. Hapa kelele zilikuwa mbali, na maikrofoni ya kwenye mwamba ilikuwa karibu. Mpira ukadunda, ukapita, ukaingia. Mgongo haukutikisika. Ndipo ikasikika sauti ya Komeo, ya chini, ya haraka, akimwuliza beki wake:

"Uko wapi? Oya, mpira uko wapi?"

Chiriku akaisimamisha. Nje mke wa mjomba alikuwa akigonga mlango wa jirani kwa furaha.

"Mjomba, mpira ulikuwa umeshaingia wavuni."

"Niliambiwa baadaye."

"Hukuuona?"

Mjomba akajikuna kidevu. "Jicho la kulia lilianza na ukungu, kama kioo cha bafuni. Nikasema si neno, lipo la kushoto. La kushoto nalo likaona mwenzake amestaafu mapema, likadai na lenyewe lipumzike. Mpira nilikuwa naudaka kwa kusikia, mpwa wangu. Mguu ukiupiga, unatoa sauti. Yule beki wa sabuni aliubutua vibaya hata sauti haikutoka."

"Na gari je?"

"Gari linaijua njia."

"Mjomba."

"Kweli. Njia zile nazijua kwa makalio. Kila shimo lina salamu yake. Alfajiri hakuna watu." Kisha sauti ikashuka, mzaha ukamtoka kama pumzi kwenye mpira uliochomwa. "Hiyo usiwaonyeshe. Waonyeshe ya tabasamu ukitaka, hii acha. Waniite msaliti. Msaliti anapewa usukani. Kipofu hapewi. Na mimi nikishuka kwenye lile gari, humu ndani mnakula nini?"

Mkewe akarudi na jirani. Chiriku akafunga kompyuta.

Usingizi aliupata wa kuazima. Kilichomkaba si kwamba alikuwa amepachika uongo, hilo alishalikubali. Kilichomkaba ni kwamba katika filamu nzima, pamoja na kreti, kamba za viatu na zile nyimbo mbovu, kulikuwa na kitu kimoja tu cha kweli ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijua, na hicho ndicho alichokifunika kwa kelele bila kukisikiliza.

Kulipopambazuka alikuwa kiwandani. Waokaji walikuwa wamemaliza zamu, wamekaa kwenye chumba cha kunywea chai, unga kwenye nyusi na masikio, vijana wote wakaonekana wazee wastaafu. Aproni zilining'inia ukutani kama watu waliochoka kuliko wenyewe. Mjomba alisimama mlangoni, akashika fremu.

"Huyu ndiye aliyetengeneza ile filamu," Tanuri akawaambia wenzake. Alikuwa na mabega ya mlango na sauti ya mtu anayepiga kelele mbele ya moto kila siku. "Ni mpwa wa Komeo. Anasema ana neno."

Chiriku hakuwa na hotuba. Akawaonyesha tabasamu na sauti yake. Akawaeleza alivyolikata na alipolipachika.

Mkandaji mmoja akasema, "Kwa hiyo alikuwa anamchekea dada yake."

"Ndiyo."

"Na sisi tukamhesabia kreti."

"Wewe ndiye uliyechungulia chini ya kiti," mwingine akamwambia.

"Ulinishikia tochi, usijitie hamnazo."

Tanuri hakucheka. Akamkazia macho Chiriku. "Haya, hilo limekwisha. Sasa tuwekee bao lenyewe, na sauti yake halisi."

"Bao mliliona uwanjani."

"Tuliliona kutoka mbali. Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Mpira ule mama yangu angeudaka huku ameshika mtoto. Kama hakuiuza mechi, kwa nini hakutikisika? Tuonyeshe, na tafadhali usitukatie tena."

Chiriku akamtazama mjomba. Mjomba hakuwa akimtazama yeye. Uso ulikuwa umeelekea upande zilikotoka sauti, ukisubiri.

"Kipande chenye sauti sina," akasema. "Betri ya maikrofoni iliisha."

Neno lilitoka laini, kama lililokuwa limekaa mdomoni siku nyingi. Tanuri akalipima. Akapumua.

"Basi, betri." Akamgeukia Komeo. "Mzee, mtu mzima anateleza. Jioni kuna mazoezi. Glovu zako ziko kwenye kabati langu, nimezifua mwenyewe, zinanukia hamira lakini ni safi."

Wakamzunguka, wakampiga mgongoni, wakamwachia alama za viganja vya unga shati zima. Mikate ikapakiwa bila mtu kukagua chochote. Chiriku alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Mara ya kwanza alikata bila kujua anakata nini. Safari hii alijua.

Mjomba alipopanda garini, Chiriku akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa.

"Unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza."

"Mimi ni bibi harusi?" Lakini akawasha gari.

Na aliendesha vizuri, hilo mtu asilikatae. Alikata kona kwa ulaini, akapunguza mwendo kabla ya kila shimo, akayataja mashimo hayo mojamoja kama ndugu: huyu mkorofi, huyu mpole, huyu alinivunjia springi. Akasimulia habari ya mkate aliouuza ukiwa moto sana hata mnunuzi akaupigia pasi shati. Duka la kwanza wakashusha, la pili wakashusha. Chiriku akaanza kuamini kwamba pengine gari linaijua njia kweli.

Kisha wakaingia barabara ya sokoni. Kwa mbali, pembezoni mwa lami, mfagiaji alikuwa ameinama, akiusukuma uchafu taratibu kuelekea katikati. Chiriku alimwona. Akamwangalia mjomba, mjomba anatabasamu, bado yuko kwenye habari ya lile shati. Akangoja apunguze mwendo. Mwendo haukupungua.

"Mjomba, simama," akasema. "Simama."

Breki zikalia. Kreti zikaserereka huko nyuma, mikate ikamwagika. Gari likasimama, na mfagiaji akawa mbele yake kabisa, mkono mmoja ameuweka juu ya boneti kama anayepima homa. Akaja dirishani na ufagio wake.

"Dereva, unaendesha kwa kunusa?"

"Nisamehe, mama."

"Mwili mzima nimevaa rangi ya chungwa lililoiva. Unataka nijifunge taa za harusi ndipo unione?"

"Nisamehe sana."

Yule mama akamtazama machoni kidogo zaidi ya inavyotakiwa kwa mtu anayegomba. Hasira zikampungua. Akarudi kufagia, safari hii kwenye ukingo wa barabara.

Mjomba akaendelea kushika usukani kwa mikono miwili.

"Ulimwona tangu wapi?"

"Tangu tulipoingia barabara hii. Nilidhani na wewe unamwona."

"Mimi nimemwona alipozungumza."

Akazima gari. Harufu ya mikate iliyopondeka ikajaa mpaka mbele. Baiskeli moja ikawapita ikipiga kengele, akaifuata kwa sikio mpaka ikapotea.

"Ile betri," akasema, "iliisha kweli?"

"Hapana, mjomba. Kipande kipo chote, na sauti yake."

Akatikisa kichwa, polepole. "Watoto wangu wanapita barabara hii kwenda shule," akasema. Mikono ikashuka kutoka kwenye usukani, mmoja mmoja, ikakaa mapajani kama haina kazi.

"Namba ya Tanuri unayo?"

"Ninayo."

"Mpigie. Mwambie mikate iko hapa sokoni, alete mtu wa kuimalizia. Mwambie asimlaumu beki wangu. Na hicho kipande uende nacho kiwandani, nitakitazama pamoja nao."

"Nyumbani tutasema nini?"

"Sijui, mpwa wangu. Hapo ndipo nami nilipofika."

Chiriku akabonyeza namba. Mjomba akafungua mlango, akashuka, akalizunguka gari lake kwa mbele huku anapapasa, kiganja hakibanduki kwenye bati, mpaka akafika upande wa Chiriku. Akasimama hapo, ameegemea mlango, wakisikiliza wote wawili simu ikiita.